Shitaka na Jawabu: Iqbal na Haki ya Muumini Kuuliza

Neno “shitaka” ambalo kila Mswahili analo kinywani, na neno “shikwa” ambalo Muhammad Iqbal alilifanya kuwa jina la utungo wake mashuhuri wa Kiurdu, ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kupeleka malalamiko mbele ya mwingine. Lakini ndugu hawa walilelewa katika nyumba mbili. Kiswahili kilimpeleka wa kwake mahakamani, akapata mshitaki, mshitakiwa na hakimu. Kiurdu kilimwacha wa kwake baina ya wapendanao, akawa manung’uniko ya mpenzi anayehisi kuwa amesahauliwa. Kwa hiyo, mfasiri atakayetaka kuuleta utungo huu katika Kiswahili atakwama kwenye jina kabla hajaugusa mshororo wa kwanza. Akiandika “Shitaka”, ataonekana amemsimamisha Mwenyezi Mungu kizimbani. Akiandika “Manung’uniko”, atakuwa ameushusha utungo hadi kuwa maneno ya mtu anayejisemea pembeni.

Kukwama huku si kwa mfasiri peke yake. Ndiko kulikowapata waliousikia utungo wenyewe ukisomwa mjini Lahore mwaka 1911. Je, muumini ana haki ya kumuuliza Mola wake? Na ikiwa anayo, je, haki hiyo inafika hadi kuzihoji hukumu zilizosomwa na kusomeshwa kwa karne nyingi, bila ya mwenye kuhoji kuhesabiwa kuwa ametoka katika adabu, au katika dini yenyewe? Iqbal alilirudia swali hili maisha yake yote, kwa shairi na kwa nathari. Wengi humsifu kwa ujasiri wa Shikwa. Makala haya yanashikilia kwamba ujasiri wake mkubwa zaidi haumo katika utungo huo. Umo katika sentensi chache za nathari, alizoziandika karibu miaka ishirini baadaye, kuhusu wanawake wa Punjab ambao hakuna aliyewatungia beti.

Kujaa na kupwa

Iqbal alizaliwa Sialkot, katika Punjab, mwaka 1877. Alisoma Lahore, kisha Cambridge na Munich, na aliporudi nyumbani mwaka 1908 alikuwa na shahada ya udaktari wa falsafa na idhini ya kufanya kazi ya uwakili. Uwakili huo haufai kusahauliwa na anayeusoma Shikwa, kwani mpangilio wa utungo ni wa mtu aliyezoea kujenga hoja mbele ya baraza: kwanza huduma zilizotolewa, kisha ujira uliokosekana, kisha swali.

Umbo alilolichagua lilikuwa tayari na historia. Mwaka 1879 Altaf Husain Hali alitoa utungo mrefu wa beti za mishororo sita, ambazo kwa Kiurdu huitwa musaddas. Mishororo minne ya mwanzo hushikana kwa kina kimoja, na miwili ya mwisho huufunga ubeti kwa kina chake yenyewe. Jina kamili la utungo wa Hali linataja kujaa na kupwa kwa Uislamu, na hapa msomaji wa pwani hahitaji mfasiri. Anajua bahari inavyojaa hadi ikagonga ngazi za bandarini, na anajua inavyopwa ikaacha majahazi yamelala ubavu juu ya matope. Hali aliwaonesha Waislamu wa Bara Hindi kwamba wao wamo katika maji kupwa, na lawama akawatwika wao wenyewe. Uvivu wao, ujinga wao na majivuno yao ndiyo yaliyowaangusha.

Iqbal alilichukua umbo lile lile na maudhui yale yale, lakini akaugeuza uso. Hali aliwakabili watu. Iqbal alimkabili Mungu. Hilo ndilo lililokuwa jipya, na ndilo lililowashitua wasikilizaji. Malalamiko juu ya kuanguka kwa umma yalikuwa yameshazoeleka. Mwelekeo wa malalamiko ndio uliokuwa haujazoeleka.

Ili kuupima mwelekeo huo, inafaa kuukumbuka utungo ambao wasomaji wa visiwa hivi wanaujua tangu chuoni: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Yeye pia alisimama mbele ya maji kupwa. Pate iliyokuwa na majumba ya fahari imebaki magofu, na mshairi anauliza. Lakini anamuuliza nani? Anauuliza moyo wake. Anaukemea, anauonya, anauvuta uangalie kaburi na siku ya malipo. Swali halipandi juu, linashuka ndani. Kwa mshairi wa Pate, magofu ni ushahidi dhidi ya moyo unaoupenda ulimwengu. Kwa mshairi wa Lahore, magofu ni ushahidi katika shauri ambalo mtu anaweza kulipeleka hadi kwenye Arshi. Hakuna haja ya kusema nani kati yao alikuwa muumini zaidi. Kinachoonekana ni kwamba adabu ya kuuliza ina milango zaidi ya mmoja, na kwamba utamaduni wetu wa ushairi umeuzoea mlango wa ndani kuliko ule wa juu.

Daftari la madai

Shikwa unafunguka kwa mshairi kujiuliza kwa nini abaki kimya akisikiliza vilio vya ndege bustanini, ilhali yeye amejaaliwa ulimi. Kisha, kabla ya kulitamka neno lenyewe, anajitakia udongo mdomoni. Ni kinga ya kale ya washairi wa Kiajemi na Kiurdu: mtu anakiri ufidhuli wake ili apate kuufanya. Baada ya hapo daftari linafunguliwa. Kabla ya umma huu kuja, watu waliabudu mawe na miti. Nani aliyeliinua jina la Mungu mmoja? Nani aliyepigana barani na baharini, akaadhini katika makanisa ya Ulaya na katika majangwa ya Afrika? Nani aliyewasimamisha Sultan Mahmud na mtumwa wake Ayaz katika safu moja ya sala, pasiwepo bwana wala mtwana? Kisha hesabu inajumlishwa: wengine wamepewa majumba na neema hapa hapa duniani, na Waislamu wamebaki na ahadi ya akhera.

Nguvu ya utungo iko katika ile mishororo miwili ya mwisho ya kila ubeti. Mishororo minne inapandisha hoja kwa kina kimoja, kama mtu anayepanda ngazi bila ya kupumzika. Miwili inabadilisha kina na kuliangusha swali. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuyachukua mapigo ya aruzi ya Kiurdu, ambayo hupima silabi ndefu na fupi, kwa kuwa Mswahili huhesabu mizani. Lakini ngazi hiyo ya minne na miwili anaweza kuichukua, na asipoichukua atakuwa ameuacha utungo Lahore.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kusema kwamba daftari hili lina kasoro. Madai yote ni ya “sisi”. Ni sisi wenye panga, sisi tulioyavuka majangwa, sisi tuliozivunja falme. Hakuna hata mtu mmoja mwenye njaa yake, ugonjwa wake au maonevu yake mahususi. Mahmud na Ayaz wametajwa kwa majina, lakini wamekuja kuwa mfano wa sifa, hawakuja kulalamika. Ayaz mwenyewe, lau angepewa nafasi ya kusema baada ya kutoa salamu na safu kuvunjika, huenda angekuwa na shikwa yake. Utungo haumuulizi. Na ushindi unaohesabiwa kuwa huduma kwa Mungu haupimwi kwa macho ya walioshindwa. Kwa ufupi, hili ni swali kubwa lililoulizwa na umma kwa niaba ya fahari yake. Linasisimua, na liliwasisimua walioteseka kwa kutawaliwa, lakini halina mtu ndani yake.

Jawabu na asiyejibu

Shikwa uliwaudhi wengi, na mwaka 1913 Iqbal akausoma Jawab-e-Shikwa, yaani Jawabu la Shitaka, katika mkutano wa hadhara mjini Lahore, wakati Waturuki wamo katika vita vya Balkan. Malalamiko yamefika mbinguni. Malaika wanashangaa: ni nani huyu wa udongo aliyethubutu kupaza sauti hadi huku? Kisha Mungu anajibu. Ukarimu upo, anayeomba ndiye hayupo. Mikono haina nguvu, nyoyo hazina imani. Adhana imebaki kuwa desturi na roho ya Bilal haimo. Mnajigawa kwa nasaba na koo, huyu Sayyid, huyu Mirza, huyu Afghani, lakini niambieni, je, ni Waislamu? Mwisho ni wa matumaini: atakayekuwa mwaminifu kwa Mtume atapewa si dunia tu, bali hata ubao na kalamu ya majaaliwa.

Waliokuwa wamekasirika waliridhika, na hapo ndipo msomaji anapopaswa kuwa macho. Jawabu lilipokewa kama toba, na kwa juu juu ni toba. Lakini kwa kipimo cha adabu, nani amethubutu zaidi: aliyemuuliza Mungu swali, au aliyemtungia Mungu jibu lenye vina? Hadhira iliyoshituka kwa swali haikushituka kwa jibu, kwa sababu jibu lilisema yale ambayo wahubiri walikuwa wameshayasema. Watu wengi hawaogopi mtu kusema kwa niaba ya Mungu. Wanaogopa mtu kusema na Mungu.

Hata hivyo, Jawabu lina jambo moja ambalo Shikwa hauna. Linawageuzia waulizaji swali lao. Ubeti wa nasaba na koo hauwezi kusomwa katika mji wowote wa pwani yetu bila ya msomaji kuinamisha kichwa, kwa kuwa miji hii nayo imewahi kuwapima watu kwa ukoo hata pale kila mmoja alipokuwa ameshatawadha. Lakini hata ubeti huo unaishia kwenye karipio. Unasema: kuweni Waislamu wa kweli. Hausemi ni hukumu gani ibadilishwe, nani ana mamlaka ya kuibadilisha, wala nani anaumia ikiachwa kama ilivyo. Kiini cha madai ya islahi ni maswali hayo matatu. Bila ya hayo, wito wa kufufuka ni mzuri kuusikia na ni rahisi kuusahau.

Aliyesikilizwa

Kuna shitaka jingine ambalo lilifika mbinguni, na jibu lake halikutungwa na mshairi. Sura ya 58 ya Qurani, Al-Mujadila, imeitwa kwa jina la mwanamke anayejadiliana. Aya yake ya kwanza inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno ya mwanamke aliyekuwa akimjadili Mtume (S.A.W.) kuhusu mumewe, na kushitaki kwa Mwenyezi Mungu. Kitenzi kilichotumika hapo kinatoka katika mzizi ule ule wa “shikwa” na “shitaka”. Kwa sauti, Mswahili anaweza kukitambua bila ya kamusi.

Wafasiri wa Qurani wanamtaja kuwa Bi Khawla bint Thaalaba, na mumewe Aws bin Samit. Mume alimtamkia mkewe maneno ya dhihari, yaani alimfananisha na mgongo wa mama yake. Kwa ada ya Waarabu wa wakati ule, maneno hayo yalimharamisha mke bila ya kumwacha huru. Bi Khawla alikwenda kwa Mtume, na hakutosheka kuambiwa kuwa ndivyo ilivyo. Alieleza umri wake, watoto wake, na kitakachowapata. Alirudia. Ndipo zikashuka aya zilizoikemea dhihari na kuiwekea kafara: kumwacha huru mtumwa, au kufunga miezi miwili mfululizo, au kuwalisha masikini 60. Inasimuliwa pia kwamba baadaye, katika zama za ukhalifa wake, Sayyidna Umar alisimamishwa njiani na bibi huyo akamsikiliza hadi mwisho, na alipoulizwa sababu akasema kuwa huyu ni mwanamke ambaye maneno yake yalisikilizwa kutoka juu ya mbingu saba.

Yakiwekwa ubavuni pamoja, mashitaka haya mawili yanaelezana. La Iqbal ni la umma mzima, limejaa majina ya falme. La Bi Khawla ni la nyumba moja. La Iqbal linadai malipo ya huduma. La Bi Khawla linadai hukumu iangaliwe upya kwa kuwa inamuumiza mtu asiye na kosa. La Iqbal limejibiwa kwa wito wa imani. La Bi Khawla limejibiwa kwa sheria. Wala hakutoka katika dini ili aweze kuuliza. Aliuliza kwa sababu alikuwa ndani yake, na alimwendea Mtume kwa sababu alimwamini. Anayesema kwamba kuhoji ni dalili ya udhaifu wa imani itambidi aeleze kwa nini sura nzima imepewa jina la mwenye kuhoji. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sura hii inaongeza kwamba kuuliza si ukafiri.

Mihadhara

Iqbal mwenye nathari alilisogelea shitaka la namna hii. Mwaka 1924 alisoma mjini Lahore mhadhara kuhusu ijtihadi, yaani juhudi ya mwanachuoni kuifikia hukumu kwa kuzichunguza asili zake. Mhadhara huo ulizua ghadhabu, na mwaka 1925 mwanachuoni mmoja wa mji huo alitoa fatwa ya kumkufurisha. Iqbal hakukimbilia kuchapisha. Aliendelea kufikiri, na mwaka 1929 akatoa mihadhara katika Madras, Hyderabad na Aligarh. Mihadhara sita ilichapishwa Lahore mwaka 1930. Wa saba uliongezwa katika chapa ya Oxford ya mwaka 1934. Kitabu hicho kinahusu kuijenga upya fikra ya dini katika Uislamu, na mhadhara wa sita ndio unaohusu ijtihadi.

Hapo anakataa kwamba mlango wa ijtihadi ulifungwa na mtu mwenye haki ya kuufunga. Anaeleza sababu za kihistoria zilizowafanya wanavyuoni wausogeze: mabishano ya wenye kutegemea akili tupu, tasawufi iliyowavuta wenye vipaji mbali na mambo ya jamii, na kuangamizwa kwa Baghdad katika karne ya 13, ambako kuliwafanya waliobaki waogope kila jipya na wayashikilie yaliyokwisha andikwa ili umma usisambaratike. Hofu hiyo anaielewa, na haidharau. Anasema tu kwamba heshima ya namna hiyo kwa waliopita haitibu maradhi ya walio hai. Anapendekeza ijmaa ihamie katika mabaraza ya kutunga sheria, wanavyuoni wakiwa sehemu ya mabaraza hayo. Anaiangalia Uturuki, iliyoufuta usultani mwaka 1922 na ukhalifa mwaka 1924, kama nchi iliyothubutu kuamka, ingawa hakubali kila ilichokifanya.

Kisha, katikati ya hoja hizi pana, anaingia mtu. Iqbal anataja kwamba Punjab, kama inavyojulikana na wote, kumekuwa na wanawake wa Kiislamu waliotaka kuachana na waume wabaya na wakalazimika kuritadi. Sababu ilikuwa hii: madhehebu ya Hanafi, yaliyofuatwa na Waislamu wengi wa Bara Hindi, yalimwachia mwanamke nafasi finyu mno ya kuomba ndoa ivunjwe. Aliyepotelewa na mume, kwa kauli iliyotangaa, angengoja hadi mume huyo afikie umri wa miaka 90. Lakini madhehebu hayo hayo yalisema kuritadi kunavunja ndoa papo hapo. Basi mwanamke aliyetaka kuokoka alibaki na mlango mmoja, nao ni ule wa kutokea nje ya dini. Iqbal anaikumbusha kauli ya Imamu Shatibi kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, mali na kizazi. Kisha anauliza: hukumu hii, inavyotumika katika nchi hii, inaihifadhi dini?

Hilo ndilo shitaka lenye mtu ndani yake. Halina panga wala falme. Halikumfanya muulizaji aonekane shujaa. Lakini linagusa hukumu maalumu, linaonesha anayeumia, na linapima kwa mizani iliyomo ndani ya sheria yenyewe. Na lilikuwa swali lenye jibu. Mwaka 1931 Maulana Ashraf Ali Thanawi, mwanachuoni ambaye hakuna aliyemwita mgeni katika fikihi, alitoa kitabu kilichoruhusu kuzichukua kauli za madhehebu ya Maliki kwa ajili ya wanawake wa namna hii. Mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya Iqbal kufariki, ikapitishwa sheria ya kuvunja ndoa za Waislamu katika India ya Waingereza. Mke aliyepotelewa na mume kwa miaka 4, au aliyenyimwa matunzo kwa miaka 2, au aliyetendewa ukatili, akapata njia ya mahakama. Na kuritadi peke yake kukaacha kuwa sababu ya kuvunjika kwa ndoa. Mlango wa nje ulifungwa kwa kufunguliwa wa ndani.

Haifai kumfanya Iqbal awe mkamilifu kuliko alivyokuwa. Katika mhadhara ule ule anamjibu mshairi wa Kituruki, Ziya Gökalp, aliyetaka mwanamke awe sawa na mwanamume katika talaka, kutengana na mirathi. Kuhusu talaka, Iqbal anakumbusha kwamba sheria inamruhusu mke kuweka sharti katika akdi ili apate haki ya kujitaliki. Kuhusu mirathi, anayatetea mafungu ya Qurani na kumwambia Gökalp kwamba hakuyaelewa. Na katika ushairi alirudi nyuma zaidi. Katika diwani ya Zarb-e-Kalim ya mwaka 1936, yenye sehemu kuhusu mwanamke, anakiri kwamba anahuzunishwa na dhuluma wanayotendewa wanawake, kisha anasema fundo hilo ni gumu na hana njia ya kulifungua. Mshairi aliyeweza kumjibia Mungu beti kwa beti ameshindwa kumjibu jirani. Na ajabu ni kwamba nathari yake ilikuwa imeshaanza kulilegeza fundo hilo miaka sita kabla.

Lugha ya swali

Kwa nini shairi lilishindwa pale ambapo nathari ilithubutu? Sehemu ya jibu ni hadhira. Shikwa ulisomwa kwa Kiurdu mbele ya maelfu waliousubiri kwa shauku. Mihadhara iliandikwa kwa Kiingereza, ikasomwa mbele ya wachache waliosoma. Tafsiri ya kitabu hicho kwa Kiurdu, kazi ya Nazir Niazi, ilitoka mwaka 1958, miaka 20 baada ya mtunzi kufariki. Kwa muda wote huo Waislamu wa kawaida wa Lahore walikuwa na fahari ya Shikwa kwa lugha yao, na swali la wanawake wa Punjab likabaki katika lugha ambayo wanawake hao hawakuisoma. Umma ulikabidhiwa hisia. Wasomi wakabakiwa na hoja.

Mwaka ule ule wa 1930, mihadhara ilipochapishwa Lahore, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Mombasa akitoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Yeye pia alikuwa mtu wa islahi, aliyeathiriwa na jarida la Al-Manar la Cairo. Aliandika kuhusu elimu, kuhusu israfu za arusi na matanga, na kuhusu uzito wa mazoea yaliyovishwa kanzu ya dini. Hakuwa na falsafa ya Iqbal, na msomaji wa leo hatokubaliana naye katika kila jambo. Lakini aliuliza kwa lugha ambayo aliyeulizwa angeweza kumjibu, hata kwa hasira, kesho yake sokoni au baada ya sala. Pale Iqbal alipoligawa swali baina ya lugha mbili, Sheikh Al-Amin aliliweka zima katika moja. Makala yake yaliyokusanywa katika Uwongozi yanasomeka hadi leo kwa sababu hiyo.

Na hapa ndipo jina la utungo linaporudi kwa mfasiri. Kiswahili kina tofauti ndogo ambayo Kiurdu hakina: kumshitaki Mungu ni jambo moja, kumshitakia Mungu ni jingine. Irabu moja imeongezwa, na Mungu ametoka kizimbani akakaa penye kiti cha hakimu. Bi Khawla alimshitakia Mungu. Nabii Yaakub, alipompoteza Yusuf, alisema kwamba huzuni yake anaishitaki kwa Mungu tu, na kitenzi chake ni cha mzizi huo huo. Shikwa wa Iqbal unayumba baina ya hayo mawili. Mara unamshitaki Mungu kama mdaiwa, mara unamshitakia kama mpenzi na hakimu, na kuyumba huko ndiko kunakoupa joto lake. Basi mfasiri asiliogope neno “Shitaka”. Ni neno la Qurani kabla ya kuwa la mahakama, na ndilo ambalo wanawake wa pwani hii wamekuwa wakilipeleka mbele ya makadhi, vizazi kwa vizazi, bila ya kuhisi kwamba wameiacha dini nyumbani.

Lakini atakayeufasiri Shikwa asiishie hapo. Aifasiri pia ile sehemu ya mhadhara wa sita inayowataja wanawake wa Punjab, aiweke katika jalada moja na beti, kwa Kiswahili kinachoeleweka na anayesubiri nje ya mlango wa kadhi. Yeye ndiye mwenye shitaka, na hoja iliyotolewa kwa niaba yake haina budi kumfikia.